Kumsikiliza Mtumiaji: Kazi ya Mtaalamu Mmoja au ya Shirika Zima?

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule, wa jumba la makumbusho la mjini Leipzig, alifika Newala akifanya uchunguzi juu ya maisha ya watu wa kusini. Jambo moja lilimshangaza. Watu walikuwa wamejenga juu ya uwanda wa Makonde, penye mchanga unaonyonya mvua yote usibakize hata kijito kimoja, na kila siku wanawake walishuka ukingo mrefu kwenda mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda tena na mizigo yao vichwani. Kwa nini wasihamie huko chini kwenye chemchemi?

Jibu la swali hilo lilikuwapo katika simulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo Wazungu walikwisha kuiandika mwanzoni mwa karne hiyo. Mzee wa kwanza aliwausia watoto wake wasikae karibu na mabonde yenye maji mengi, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Ikumbukwe kwamba ni miaka tisa tu kabla ya safari ya Weule, yaani mwaka 1897, ndipo Ronald Ross alipoonyesha huko India kwamba malaria huenezwa na mbu. Juu ya hayo, mtu aliyekaa katika kichaka kizito cha uwandani alikuwa salama zaidi na wavamizi kuliko aliyekaa bondeni. Kwa hiyo lililoonekana kuwa ukaidi lilikuwa hesabu iliyopigwa kwa makini: miguu ichoke, lakini watoto wapone.

Kisa hicho chafaa kuwekwa mbele ya kila shirika linalotengeneza kitu kwa ajili ya watu, kiwe pampu, mbegu, dawa ya mimea, fomu ya mkopo au programu ya simu. Anayetumia kitu aghalabu anayo sababu ya kukitumia vile anavyokitumia, na sababu hiyo haionekani kutoka ofisini. Kuitafuta kwa utaratibu, kwa kumtazama mtumiaji akiwa kazini na kumuuliza kwa adabu, ndiko kunakoitwa utafiti wa uzoefu wa mtumiaji. Kazi hii si sawa na kuhesabu watumiaji wangapi wapo, wala si sawa na kuwauliza kama wameridhika. Mtu atasema ameridhika kwa sababu ya heshima tu, hasa akiulizwa na mgeni aliyeshuka katika gari la serikali.

Siku hizi ni wachache wanaopinga kwamba kazi hiyo ina manufaa. Ubishi uliobaki ni juu ya ukubwa wake. Shirika lenye watafiti watatu wanaojua kusikiliza, na lenye watumiaji laki kadhaa, lifanyeje ili usikivu wa hao watatu uwe usikivu wa shirika zima? Wilaya za Newala na Masasi zimekwisha kupitia majaribio mengi ya namna hiyo, mengine yakafaulu na mengine yakashindwa, hata historia yake yafaa kuwa somo kwa mashirika yaliyo mbali sana na huko.

Tuanze na korosho, kwa kuwa huko ndiko liliko tumbo la wakazi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi tani 16,500 hivi. Sababu zilikuwa nyingi na zimeandikwa: wakulima walihamishiwa vijijini katika miaka ya 1974 na 1975 na mashamba yao yakabaki mbali, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshika maua machanga na kuyakausha kabla hayajafunga mbegu. Wakati mavuno yakishuka, viwanda vipya vya kubangua korosho vilikuwa vikijengwa kwa mkopo, vingine huko huko Newala na Masasi. Vilikamilika na mitambo yake mizuri, korosho za kuvilisha zikawa hazipo. Aliyekuwa na habari kwamba mkulima ameacha kupalilia mikorosho yake ni mkulima mwenyewe, na hapakuwa na njia ya habari hiyo kupanda kutoka shambani hadi kwenye meza ya waliokuwa wakitia saini mikataba.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, karibu na Mtwara, kilipewa kazi ya kutafuta dawa ya ubwiriunga. Wataalamu walithibitisha kwamba unga laini wa salfa, ukipulizwa kwa mashine kuanzia pale maua ya kwanza yanapochomoza na kurudiwa kila baada ya majuma mawili hivi, huzuia ugonjwa na kurudisha mavuno. Salfa huzuia, haiponyi. Atakayechelewa kupuliza amepoteza fedha yake. Kwa upande wa elimu ya mimea jambo lilikuwa limekwisha. Kwa upande wa mtumiaji lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Msomaji afikirie mkulima wa kata ya Makote, Newala, mwenye mikorosho thelathini. Ushauri wamtaka apulize mara tano. Mashine ya kupulizia hubebwa mgongoni, ni nzito, hutumia petroli na mafuta ya injini, na bei yake si ya mtu mwenye mikorosho thelathini; kwa hiyo ataikodi. Mwenye mashine huanza na shamba lake mwenyewe, kisha la ndugu zake, kisha la mwenye fedha taslimu. Kazi yenyewe hufanywa alfajiri, wakati umande ungali juu ya majani na upepo umetulia, kwa maana hiyo saa za mashine kwa siku ni chache. Miezi ya kupuliza, tangu Juni, ni miezi ambayo fedha ya korosho za msimu uliopita imekwisha kutumika. Mtu huyu akipuliza mara mbili badala ya tano, mwenye daftari ataandika kwamba mkulima hafuati ushauri. Angesimama naye shambani saa kumi na moja alfajiri angeandika jambo jingine kabisa: kwamba ushauri umetolewa kwa mtu mwenye mashine.

Kuna na jambo la jirani. Unga wa salfa hupeperuka. Watafiti wa Naliendele walilijua hilo mapema, kwa sababu uliwaharibia majaribio kwa kuvuka kutoka vitalu vilivyopulizwa hadi vile visivyopulizwa. Mbegu za ukungu nazo hupeperuka. Basi aliyepuliza huku amezungukwa na mashamba yaliyotelekezwa hulipa gharama kamili na kupata kinga pungufu, na asiyepuliza kitu hupata nafuu asiyoilipia. Yaani mtumiaji wa salfa hasa si mtu mmoja mmoja. Ni kundi la mashamba yanayopakana. Elimu kama hiyo haipatikani kwa kumwuliza kila mkulima peke yake dodoso la kurasa kumi, hata wangeulizwa elfu kumi. Hupatikana kwa kutembea mpakani mwa mashamba mawili pamoja na wenye mashamba hayo.

Wako watafiti waliotembea. Tangu miaka ya 1980 na 1990 baadhi ya majaribio yalitolewa kituoni yakapelekwa katika mashamba ya wakulima wenyewe. Huko yalijitokeza mambo ambayo kitalu cha kituo kisingeyatoa. Kwa mfano, wakulima walisita kukata mikorosho iliyosongamana, ingawa wataalamu walisema nafasi ya mita 12 kwa 12 ndiyo bora. Mti uliosongamana huzaa kidogo, ni kweli, lakini huzaa, na kwa mwenyewe ni amana: mikorosho kusini huweza kurithiwa na hata kuwekwa rehani. Ushauri wa kupunguza miti kidogo kidogo, kwa kuanza na ile isiyozaa, humfaa zaidi mtu wa aina hiyo kuliko amri ya kufyeka mistari. Kadhalika wasiwasi wa kwamba salfa inaongeza uchachu katika udongo wa kichanga wa uwandani ulichunguzwa na wanasayansi katika miaka ya 1990, na hapana budi uendelee kuchunguzwa, kwa kuwa chini ya mikorosho hiyo hiyo watu hulima mihogo na kunde.

Lakini wataalamu waliokuwa tayari kutembea namna hiyo waliweza kuhesabika kwa vidole. Hapo ndipo penye fundo la makala haya.

Njia ya kwanza inayopendekezwa kila mara ni kuongeza wataalamu. Ni njia nzuri kwa shirika tajiri. Hata hivyo ina ubaya wake usiosemwa: wataalamu wa kumsikiliza mtumiaji wakiwa idara kubwa yenye ofisi yake, watu wa idara nyingine hujiona wamefunguliwa mzigo. Mhandisi wa maji hahitaji tena kwenda kisimani, kwani kuna watu wanaolipwa kwenda. Taarifa huandikwa vizuri, hupigwa chapa, husambazwa, na mhandisi huendelea kuchora alivyokuwa akichora. Shirika limekuwa na masikio makubwa yasiyounganishwa na mikono.

Njia ya pili ni kugeuza usikivu kuwa utaratibu wa ofisi. Mikoa ya Mtwara na Lindi ina uzoefu mkubwa hapa. Mpango wa maendeleo vijijini uliosaidiwa na Ufini na kujulikana kwa jina la RIPS, ulioanza mwaka 1988 na kuendelea hadi katikati ya muongo wa 2000, ulitumia tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mbinu shirikishi za uchunguzi vijijini. Wanakijiji walichora ramani za kijiji chao ardhini kwa vijiti, kokoto na majivu. Walipanga matatizo kwa kurundika mbegu. Maofisa wa wilaya walikaa kijijini siku kadhaa wakila na kulala huko. Waliopitia mafunzo hayo walibadilika. Ofisa aliyezoea kuhutubia alijikuta amekaa chini akimtazama bibi mmoja akimwonyesha kwa kokoto kisima kipi hukauka mwezi gani.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliandaa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ukaenezwa katika halmashauri zote nchini. Nia ilikuwa njema na kwa kiasi fulani ilifanikiwa, maana hapana kijiji ambacho leo kitashangaa kuulizwa vipaumbele vyake. Walakini kitu kilipungua njiani. Siku za kukaa kijijini zilipunguzwa kwa ajili ya gharama, kokoto zikawa jedwali, na jedwali likawa fomu ya kujazwa ili bajeti ipite. Lawama iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba vijiji vilitoa orodha ndefu ya mahitaji, na wilaya haikuwa na fedha wala mamlaka ya kuyatimiza. Basi mwaka uliofuata orodha ile ile ilinakiliwa. Utaratibu ulikua, usikivu ukadumaa. Mwenye haraka ya kueneza mbinu nzuri katika shirika zima yafaa alitazame jambo hili kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuchapisha fomu zake.

Njia ya tatu ni ya kisasa nayo huvutia sana wenye kupenda mitambo: mtumiaji atoe habari mwenyewe, kwa simu. Shirika liitwalo Daraja lilijaribu hivyo tangu mwaka 2009 katika mradi wa Maji Matone. Wananchi wa wilaya tatu za majaribio waliombwa watume ujumbe mfupi pale kituo cha maji kinapoharibika; ujumbe ungefikishwa kwa mhandisi wa wilaya na kutangazwa redioni ili asiupuuze. Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli, kwa kuwa uhesabuji wa vituo vya maji vijijini katika miaka hiyo ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja nchini havitoi maji. Lengo lilikuwa ujumbe 3,000. Zilizopatikana zilikuwa 53. Waliouendesha mradi walifanya jambo la kiungwana ambalo si mashirika mengi hulifanya: walitangaza hadharani mwaka 2011 kwamba mradi umeshindwa, wakaufunga, wakaeleza sababu walizoziona.

Sababu hizo zaweza kufahamika kwa kila aliyeishi kijijini. Wachotaji maji wengi ni wanawake na watoto, na simu aghalabu ni ya baba. Mtandao wa simu hufifia mahali penye mabonde. Kumshtaki ofisa kwa maandishi ni jambo zito kwa mtu atakayekutana naye kesho gulioni. Zaidi ya yote, aliyezoea kutosikilizwa haoni kwa nini ujumbe wa leo usikilizwe. Mtu hujibu swali pale anapojua kwamba jibu lake litasogeza kitu.

Kwa haki ni lazima kutaja pia mfano uliofaulu kwa wingi mkubwa, nao wahusu vitu ambavyo wakazi wa Masasi wanavijua vizuri, yaani pampu za mkono. Tangu mwaka 1972 Ufini ilisaidia ujenzi wa maji katika Mtwara na Lindi, na mabondeni na katika nchi tambarare chini ya uwanda visima vifupi vyenye pampu za mkono vilichimbwa kwa wingi. (Juu ya uwanda wenyewe pampu za namna hiyo hazina kazi, maji yako chini mno.) Pampu ziliharibika, na fundi wa wilaya alikuwa mbali, gari lake halina mafuta. Hali ilikuwa hivyo katika nchi nyingi zinazoendelea. Mwaka 1981 Benki ya Dunia na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa zilianza uchunguzi mkubwa wa pampu za mkono. Maabara moja ya chama cha walaji cha Uingereza ilizipima kwa mitambo, na pia wanaume, wanawake na watoto waliombwa wazisukume ili ionekane mpini upi unamfaa mtu wa kimo gani. Kisha pampu zipatazo 2,800 zilifuatiliwa visimani katika nchi 17.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1987 hayakuitaja pampu imara kuliko zote kuwa bora. Yalisema kwamba pampu bora ni ile ambayo mwanakijiji aliyefundishwa kidogo, mwenye spana chache, aweza kuifungua na kubadili mpira uliochakaa yeye mwenyewe, na vipuri vyake vikapatikana karibu. Pampu inayoharibika mara mbili kwa mwaka na kutengenezwa siku ile ile hutoa maji siku nyingi zaidi kuliko ile inayoharibika mara moja na kusubiri fundi miezi mitatu. Wazo hilo lilibadili michoro ya viwanda. Yafaa kuangalia limetoka wapi: halikutoka kwa wahandisi peke yao, wala kwa wanakijiji peke yao, bali kwa watunza visima wa kawaida walioandika katika daftari, mwaka baada ya mwaka, nini kimevunjika, nani amekitengeneza na baada ya siku ngapi. Wataalamu walikuwa wachache. Kazi yao ilikuwa kuamua nini kiandikwe, kuhakikisha kwamba aliyeko Masasi na aliyeko bara jingine wanaandika kitu kimoja kwa neno moja, na kusoma daftari zote kwa pamoja.

Hapo ndipo penye njia iliyo bora. Shirika linalotaka kumjua mtumiaji wake katika eneo kubwa halina sababu ya kuajiri jeshi la watafiti. Linao tayari watu wanaokutana na mtumiaji kila siku: mabwana shamba na mabibi shamba, mafundi wa pampu, makarani wa vyama vya msingi wanaopima korosho mizanini, wauguzi wa zahanati. Hawa wafundishwe kutazama na kuuliza. Mafunzo yenyewe si marefu. Kujizuia kusahihisha mtu anayeeleza anavyofanya kazi yake ni ustadi unaojifunzika, ingawa kwa mtu aliyesomea kushauri ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Watafiti wa kweli, hao watatu, waache kukimbizana na kila kijiji. Wao wawe walimu na walinzi wa ubora, na maswali magumu peke yake ndiyo wayashike kwa mikono yao.

Pingamizi zipo na si za kupuuzwa. Yasemwa kwamba bwana shamba hawezi kuwa msikilizaji, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa ushauri; mkulima atamwambia anachopenda kusikia. Ni kweli. Mfumo wa Mafunzo na Ziara, ulioingizwa nchini tangu mwisho wa miaka ya 1980, ulimfanya ofisa wa ugani kuwa tarishi wa ujumbe kutoka juu, na tabia hiyo haifi upesi. Dawa yake ni nyepesi: wabadilishane maeneo. Ofisa wa Masasi akatazame mashamba ya Newala ambako hakutoa ushauri wowote, na wa Newala aende Masasi. Hana cha kutetea huko, na atauliza mambo ambayo mwenyeji ameacha kuyaona.

Pingamizi la pili ni la idadi: maofisa wenyewe hawatoshi, nao wana kazi nyingine. Hapa elimu ya mitambo ya kompyuta yaweza kusaidia. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba katika kutafuta kasoro za chombo, watumiaji watano hivi wakitazamwa kwa makini hufichua sehemu kubwa ya kasoro hizo, na kila anayeongezwa huongeza kidogo kuliko aliyemtangulia. Kanuni hiyo isichukuliwe kama Msahafu. Watano hao ni wa aina moja ya watumiaji. Mwanamke mwenye mikorosho kumi, kijana mwenye mashine ya kukodisha na mzee mwenye shamba la ekari hamsini ni aina tatu. Lakini hata wakiwa kumi na watano, ni kazi ya siku nne za ofisa mmoja, si ya mwaka.

La tatu ni lugha, na hili halizungumzwi vya kutosha. Fomu zote huandikwa kwa Kiswahili, na wakazi wote wanakijua. Lakini mama wa Newala anayeeleza maumivu ya mgongo baada ya kupanda na ndoo, au anayetofautisha ukungu wa ua na ukavu wa jua, huenda akaeleza kwa ukamilifu kwa Kimakonde. Na huko Masasi kwa Kimakua au Kiyao. Mwandishi akigeuza papo hapo na kuandika neno moja la Kiswahili sanifu, tofauti ile hupotea, na anayesoma daftari Dodoma hana njia ya kujua kwamba imepotea. Neno la mwenyewe liandikwe kama lilivyotamkwa, tafsiri ifuate pembeni.

Tena kuna uchovu wa kuulizwa. Vijiji vilivyo kando ya barabara nzuri huulizwa kila mwaka na kila mradi maswali yale yale, na vile vya ndani haviulizwi kamwe. Tiba yake ni kumbukumbu ya pamoja. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kurithi kazi za Baraza la Utafiti lililoanzishwa mwaka 1968, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti nchini. Ni mahali panapofaa kuwekwa ghala la majibu ya watumiaji, lililopangwa kwa kata na kwa jambo, ili mtu wa maji anayekwenda Makote asome kwanza yale ambayo mtu wa korosho aliambiwa huko. Mambo hayo mawili hayatengani kama idara zinavyotengana. Juu ya uwanda wenye nyumba za bati huvuna mvua katika mahodhi yaliyochimbwa chini na kusakafiwa, na bati na saruji hununuliwa kwa fedha ya korosho. Mwaka ambao ubwiriunga umekula maua, hodhi halisakafiwi, na foleni ya bombani huwa ndefu zaidi.

Mwishowe, wenye kuamua nao waende. Si kwa ziara ya kukagua yenye ngoma na risala, bali siku mbili kwa mwaka za kukaa kimya karibu na mtu anayetumia kitu walichokiamuru. Pasipo hilo, yote yaliyotangulia hapa yatazaa taarifa nyingi zaidi kuliko zilizopo, nazo zilizopo hazijasomwa.

Jambo hili lina haraka yake huko Newala. Mradi wa kupandisha maji uwandani kwa mitambo ulianzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, na kwa zaidi ya nusu karne mabomba yake yamekuwa yakitoa maji na kukauka kwa zamu. Mwezi wa Juni 2022 mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo kutoka India, ilitiwa saini, na Makonde ni mojawapo ya maeneo yaliyomo. Mabomba mapya na matangi mapya yatadumu miaka mingi, na mahali kituo cha kuchotea maji kinapowekwa ndipo kitakapobaki. Yapo maswali ambayo ramani ya mhandisi haiyajibu: nani huja kuchota saa ngapi, na hungoja muda gani mwezi wa Oktoba, mama mwenye mtoto mgongoni hutua ndoo wapi, mwenye hodhi huuza maji kwa bei gani wakati bomba limekauka, na je, atafurahi bomba lisipokauka, fedha ya maji ikusanywe wakati gani wa mwaka, ikiwa mkulima hulipwa korosho zake kati ya Oktoba na Januari na mwezi wa Julai hana kitu. Watu wa kuyauliza wapo tayari katika kila kata, wanalipwa mishahara, na wanazijua njia.